Namba Uliyowaandikia Benki

Houston, Texas. Bi Mwanaidi huwajazia Waswahili wenzake ritani za kodi, mezani pake pa kulia chakula. Seif, mtoto wa kaka yake, ni dereva wa lori aliyejiajiri.

SEIF: Shikamoo shangazi.

BI MWANAIDI: Marahaba, mwanangu. Kaa. Hiyo bahasha ulivyoishika, naona si ya harusi.

SEIF: Ni watu wa kadi ya mkopo. Niliomba waniongezee limiti kutoka dola 6,000 hadi 15,000, sasa wanataka nithibitishe kipato. Miaka yote hawajaniuliza. Tena mwaka juzi walinipandishia wenyewe, wala sikuomba. Leo nimekuwa tapeli?

BI MWANAIDI: Hakuna aliyekuita tapeli. Lete nisome. Aha. Wanataka ritani ya mwaka jana pamoja na Schedule C, ile karatasi ya faida na hasara ya biashara, na usaini Fomu 4506-C. Kwenye programu yao uliandika unaingiza kiasi gani?

SEIF: 168,000.

BI MWANAIDI: Umezitoa wapi hizo?

SEIF: Si ndizo zilizoingia benki? Hata fomu za 1099 nilizotumiwa na walionilipa zinasema hivyo.

BI MWANAIDI: Njoo huku kwenye kompyuta, ritani yako hii hapa. Mstari wa 1 ni hiyo 168,000 yako. Sasa shuka nami: dizeli, bima, matairi, matengenezo, na hapa mstari wa 13, uchakavu wa lori. Fika mstari wa 31, usome mwenyewe.

SEIF: 41,300.

BI MWANAIDI: Hiyo ndiyo faida yako, na kwa mtu aliyejiajiri hiyo ndiyo anayoitazama mkopeshaji. Ile ya juu ni mapato ya lori, na lori limekwisha kula sehemu yake.

SEIF: Lakini shangazi, huo uchakavu si pesa niliyoitoa mfukoni mwaka ule. Nilibaki na zaidi ya hizo.

BI MWANAIDI: Kweli kabisa. Tuliikata thamani ya lori kwa mkupuo ili kodi ipungue, ukacheka hapo hapo ulipokaa. Wakopeshaji wa nyumba wana desturi ya kuurudisha uchakavu wanapopiga hesabu. Hawa wa kadi usiwategemee kwa hilo. Karatasi ile ile iliyokupunguzia kodi ndiyo inayokupunguzia mkopo; sijaona mtu aliyepata yote mawili.

SEIF: Sasa hao wenyewe, mbona siku zote walikubali nilichoandika?

BI MWANAIDI: Kwa sababu sheria inawaruhusu. Mwaka 2009 Marekani ilipitisha sheria ya kadi, ile ya CARD, baada ya watu wengi kuzama kwenye madeni. Inamtaka mtoaji wa kadi aangalie kama utamudu kulipa kile kiwango cha chini cha kila mwezi, kabla ya kukufungulia kadi na kabla ya kukuongezea limiti. Haikusema lazima adai karatasi. Anaweza kushika neno lako, au kukadiria kipato chako kwa mahesabu ya kompyuta yanayokubalika. Kukagua karatasi kunahitaji mtu wa kukaa na kuzisoma, na mtu huyo analipwa. Kwa hiyo maombi mengi hupita kwa sekunde chache.

SEIF: Yangu yakakwama.

BI MWANAIDI: Jitazame kwa macho yao. Unataka limiti mara mbili na nusu ya uliyo nayo. Kadi yenyewe ina deni kiasi gani?

SEIF: 4,800. Injini ilinifanyia vituko.

BI MWANAIDI: Asilimia 80 ya limiti. Halafu huna mwajiri. Mkeo anayefanya kazi hospitali, mshahara wake unaweza kuonekana bila yeye kuulizwa, maana waajiri wengi hupeleka taarifa za mishahara kwenye hifadhi ya Equifax inayoitwa The Work Number. Wewe utaonekana wapi? Neno lako peke yake, tena neno kubwa. Hawatoi orodha ya vinavyowashtua, lakini wanaoletwa kwangu na barua kama hii wengi wao hufanana: waliojiajiri, walioomba nyongeza kubwa, waliofungua kadi kadhaa kwa mpigo, au ambao matumizi yao yalipaa ghafla.

SEIF: Na ile nyongeza ya mwaka juzi?

BI MWANAIDI: Unakumbuka programu yao ilikuuliza kama kipato chako kimebadilika? Watu hubonyeza tu ili swali liondoke. Jibu lile huwekwa, nalo hutumika wanapotaka kukuongezea.

SEIF: Shangazi, usinikasirikie. Kwenye grupu la WhatsApp kuna jamaa anatengeneza slipu za mshahara. Ukitazama huwezi kujua.

BI MWANAIDI: Na hiyo 4506-C unafikiri ni ya nini? Ukisaini, wanachukua muhtasari wa ritani yako kwa IRS, mamlaka ya kodi yenyewe. Slipu ya jamaa itasema lake, IRS lake. Kumdanganya kwa makusudi mkopeshaji kama huyo ni kosa la shirikisho. Adhabu yake inaweza kufika miaka 30 na faini ya dola milioni moja. Sisemi utafungwa hiyo 30. Ila wewe si raia bado, na hukumu ya udanganyifu inaweza kukufuata hadi kwenye makaratasi ya uhamiaji. Toka kwenye grupu hilo.

SEIF: Nimesikia. Basi nikae na 41,300 yangu?

BI MWANAIDI: Si lazima. Mshahara wa mkeo unaingia wapi?

SEIF: Akaunti yetu ya pamoja. Kodi ya nyumba inatoka humo.

BI MWANAIDI: Basi uuhesabu. Tangu 2013, mwenye miaka 21 au zaidi anaweza kutaja kipato anachoweza kukifikia kihalali, na mshahara unaoingia akaunti ya pamoja ni mfano mmojawapo. Utaambatanisha W-2 yake, ile fomu ya mshahara wa mwaka, na taarifa za akaunti. Hela unazotuma Tanga kila mwezi hawaziulizi, ingawa mimi na wewe tunajua ni deni kuliko deni.

SEIF: Nikipuuza barua?

BI MWANAIDI: Ombi litakataliwa, na wapo wanaosimamisha kadi au kushusha limiti hadi wapate jibu. Ukijibu wakakataa, wana siku 30 kukujulisha tangu walipopokea ombi lililokamilika, na una haki ya kujua sababu. Wapigie kabla ya kutuma chochote. Sema uliandika mapato ya biashara badala ya faida, uwape namba sahihi. Omba 9,000; kwa deni lako hilo, itakushusha kutoka asilimia 80 hadi 53 hivi. Na uulize kama watavuta ripoti yako ya mikopo kwa ule ukaguzi mzito, maana huo hukaa miaka miwili kwenye ripoti.

SEIF: Nitapiga kesho nikiwa njiani.

BI MWANAIDI: Njiani, na lori mkononi? Namba iko nyuma ya kadi. Piga sasa, weka spika.