USIMHUKUMU MTU KABLA YA KUMSIKIA

Masomo: 1 Wafalme 21:1-19, Yohana 7:45-52

Ndugu wapenzi, somo hili lahusu hukumu. Mtu asiseme, Jambo hili ni la mahakimu, halituhusu. Hukumu nyingi katika nchi yetu ya Usukuma hutolewa kisimani, pombeni na chini ya mti, naye anayehukumiwa hayupo.

1. Shamba la Nabothi

Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, naye Nabothi akakataa kuutoa urithi wa baba zake. Angalieni jinsi Yezebeli alivyofanya. Hakumtuma mtu kumwua gizani. Aliamuru watu wafunge, wazee wakakutana, mashahidi wawili wakaletwa, kama torati ilivyotaka. Yote yalikuwa na sura ya sheria, ila kweli haikuwamo. Wazee wa mji walijua, wakatii. Nabothi akapigwa mawe, na Ahabu akashuka kulitwaa shamba.

2. Habari hii kwetu

Mnajua yanayowapata wanawake wazee. Mtoto akifa, au ng'ombe wakifa, watu humtazama mjane mwenye macho mekundu. Lakini miti imepungua sana katika Shinyanga, na mama huyu amepika miaka mingi kwa samadi kavu na mabua ya pamba. Moshi ndio ulioyatia macho yake wekundu.

Miaka kadhaa iliyopita, mjane mmoja alinijia usiku na barua aliyoikuta mlangoni pake. Iliandikwa kwamba asipohama kabla ya mvua, atakatwa mapanga. Akaniuliza, "Baba Mchungaji, nimekosa nini? Nani amenishtaki?" Sikuweza kumjibu. Niliomba pamoja naye, nikamshauri aende kwa binti yake, mbali. Akaenda. Mvua iliponyesha, nikapita pale nikaona shamba lake linalimwa na jamaa za marehemu mumewe. Ile barua sikuipeleka popote. Nilifurahi kwamba mama amepona, lakini waliotaka shamba walilipata bila kuulizwa neno, nami ni mmoja wa wale wazee wa Yezreeli walionyamaza.

3. Anayeshtakiwa kwa kuua naye asikilizwe

Mwingine atasema, "Basi wauaji hao wapigwe hata wakiri." Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Mwaka 1976 serikali ilitaka kuyakomesha mauaji ya namna hii katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na watu wengi wakakamatwa. Baadhi yao waliteswa, na wengine wakafa mikononi mwa waliowashika. Mwezi wa Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili ya vifo hivyo, ingawa mkono wake haukumpiga mtu. Maofisa kadhaa walishtakiwa, wakafungwa. Naye Mwinyi akawa Rais wa nchi mwaka 1985.

Tujifunze hapa kwamba mateso hayaleti kweli. Mtu anayepigwa husema neno lolote litakaloizuia fimbo, na mwuaji mwenyewe huenda yuko nyumbani amelala. Tena tujifunze kwamba mwenye cheo huchukua mzigo wa yaliyotendwa chini yake.

Sungusungu nao walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu wananchi walichoka na wizi wa ng'ombe. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Kumkamata mwizi na kumfikisha polisi ni msaada kwa nchi. Kumhukumu na kumpiga si kazi yao.

4. Sheria ya nchi

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na tangu mwaka 1988 mtu aweza kuzidai mahakamani. Ibara ya 13 yasema kwamba mtu apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, asitendewe kama mkosaji mpaka kosa lithibitike, wala asiteswe. Ibara ya 14 yamlinda kila mtu uhai wake. Neno hili Nikodemo aliliuliza zamani mbele ya baraza: je, torati yamhukumu mtu kabla ya kumsikia? Alikuwa peke yake, wakamdhihaki. Hata hivyo aliuliza.

5. Basi tufanyeje?

Kwanza, habari ya uchawi ikitajwa mbele yako, uliza: nani ameona, na nani atapata shamba? Pili, barua ya vitisho isichomwe moto. Ipelekeni polisi na kwa serikali ya kijiji siku ile ile, na mjane asiachwe kulala peke yake. Tatu, aliyeona tendo aende mahakamani kushuhudia, na wazee wa kanisa wamsindikize, maana kesi nyingi hufa kwa kukosa shahidi. Nne, maskini asiye na wakili aonyeshwe wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mwenye kuonewa na mtu wa serikali aweza pia kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001.

Ndugu, hapa Mhunze na katika vijiji vyote vya Kishapu, usharika usiokubali mtu ahukumiwe kisimani ni ngome kwa wajane wake. Bwana atujalie vinywa vya kusema wakati ufaao.

Maswali kwa wainjilisti na darasa:

1. Wazee wa Yezreeli waliogopa nini? Sisi twaogopa nini?
2. Kwa nini mashahidi wawili hawakutosha kuifanya hukumu ya Nabothi kuwa ya haki?
3. Katika mtaa wetu yuko nani anayesemwa lakini hajasikilizwa? Nani atakwenda kwake juma hili?