SHABIKI WA KWELI NI YUPI?

Leo naomba niwe mwalimu kwa dakika chache, ingawa mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu tu. Somo langu ni ushabiki, hasa ushabiki wa timu inayoshindwa. Timu inayoshinda haihitaji somo. Hiyo kila mtu ni ndugu yake.

Kwanza tueleze maneno. Mtazamaji ni mtu anayekuja uwanjani kuona mchezo. Mechi ikimchosha huenda zake, wala hakuna wa kumlaumu. Shabiki ni mtu aliyejifunga na timu. Timu yake ikipata bao husema, "Tumefunga!" Ikichapwa husema, "Tumefungwa." Yupo na wa tatu, ambaye nitamwita shabiki wa jua, maana mvua ikinyesha humwoni. Huyu akirudi kutoka uwanjani na furaha husema, "Tumeshinda." Akirudi na huzuni husema, "Wameshindwa." Sikiliza kiambishi tu, ndugu msomaji. Kati ya tu- na wa- utamjua mtu.

Sisemi haya kwa kusikia. Nilikuwa shabiki wa jua mimi mwenyewe.

Muhula wa pili mwaka jana timu yetu ya kandanda ilikutana na majirani zetu, nasi tukapigwa mabao matano kwa nunge. Ulikuwa mwaka wa tatu mfululizo wa kutolewa mapema. Jioni ile, kwa vile najiona mtunzi, nilitunga wimbo wa kumkejeli mlinda lango wetu. Ulikuwa na vina safi kabisa, hata leo naweza kusema hivyo. Kufikia saa ya chakula cha usiku meza nzima ya kidato cha pili ilikuwa ikiuimba, na kesho yake bwalo zima.

Sasa, huyo kipa hulala kitanda cha chini, mimi cha juu. Usiku wa pili nilimwona akifunga glavu zake kwa kamba na kuzitia ndani kabisa ya sanduku, chini ya vitabu. Nikamwuliza, "Vipi, ndugu?" Akanijibu bila kunitazama, "Wametosha kucheka. Sichezi tena." Kumbe alijua wimbo ulitoka wapi. Wee! Usingizi ulinipaa.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa mjomba, fundi cherehani huko Nairobi, ambaye ni shabiki wa Gor Mahia wa kufa kupona. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alinisimulia historia tu, nami naiandika hapa kwa faida yenu.

Gor Mahia ilianzishwa mwaka 1968. Mwaka 1976 ilichukua ligi bila kushindwa hata mechi moja. Mwaka 1979 ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikakung'utwa na Canon Yaoundé ya Kameruni jumla ya mabao 8-0 katika mikondo miwili. Manane! Wangapi wangetunga nyimbo hapo? Lakini mwaka 1987 ilirudi fainali ya kombe lilo hilo, ikatoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, kisha 1-1 hapa Nairobi, na kombe likabaki Kenya kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Hakuna klabu ya Kenya iliyokuwa imewahi kushinda kombe la Afrika.

Kisha ukaja ukame. Baada ya ubingwa wa ligi wa mwaka 1995, haikuuonja tena mpaka mwaka 2013. Hiyo ni miaka 18! Mjomba alikuwa kidato cha pili ulipoanza. Ulipokwisha alikuwa baba wa watoto watatu. Mwaka 2012 ndio uliouma zaidi, kwa kuwa ubingwa uliponyoka siku ya mwisho kabisa ya ligi, Tusker wakautwaa. Na msidhani ni Gor peke yao. AFC Leopards walichukua ligi mwaka 1998, kisha ikapita miaka zaidi ya ishirini bila ubingwa mwingine, na bado Ingwe wana watu wao.

Nikamwuliza, "Mjomba, miaka hiyo yote ulikuwa unangoja nini?"

Akacheka. "Mpwa wangu, ningekuwa nangoja kombe ningechoka mwaka wa pili. Kuna msimu mmoja nilikasirika nikakaa nyumbani. Jumapili zilikuwa ndefu, wacha tu! Nikaona mimi siendi kuangalia kombe. Naenda kwa watu wangu."

Kutokana na hayo nimejifunza mambo matatu.

Kwanza, uaminifu hauna maana ya kunyamaza. Shabiki anaweza kusema beki imelala au mazoezi hayatoshi. Lakini husema kama mwenye nyumba anayeona paa linavuja. Mpita njia ndiye hucheka.

Pili, hasira si ushabiki. Kurusha mawe na kumtukana refa hakujaongeza bao hata moja.

Tatu, mchezaji husikia. Wimbo ukitoka kinywani haurudi, hata ukiwa na vina safi.

Tulipofungua shule nilimwomba kipa msamaha mbele ya wale walioimba nami. Hakusema neno. Siku ya nne nilizikuta glavu zimeanikwa dirishani. Mechi ya kirafiki ya muhula wa tatu tulifungwa mabao mawili kwa moja. Tuliobaki kuimba mpaka filimbi ya mwisho tulikuwa saba tu, na mvua ilikuwa inanyesha. Wimbo ulikuwa mpya, na vina vyake, nakiri, si safi sana. Kipa alipotoka uwanjani, matope mpaka masikioni, alinipita akasema, "Tumefungwa, bwana."

Nikamjibu, "Tumefungwa."

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Muhula wa pili ukifika, njooni uwanjani. Sina ahadi ya ushindi.

Zoezi:
1. Eleza tofauti kati ya mtazamaji, shabiki na shabiki wa jua.
2. Taja methali mbili zinazomfaa mtu aliyevumilia miaka 18.
3. Mara ya mwisho shule yetu iliposhindwa, ulisema tu- au wa-? Jibu hili usimwonyeshe mtu.