Ngozi ya uso inapokataa kila aina ya mafuta

Je, wewe ni mmoja wa wale ambao kila wakinunua mafuta mapya ya uso huishia kumpa jirani kopo likiwa bado limejaa? Unajipaka jioni, uso unawaka kana kwamba umesuguliwa pilipili, na kufikia asubuhi vipele vidogo vimezagaa mashavuni na ngozi ya kando ya pua inabambuka. Unanunua mengine ya bei ghali zaidi, lakini mambo ni yale yale. Wagonjwa wa aina hii hunijia na mfuko mzima wa makopo, chupa na tyubu, wanaumwaga mezani na kuuliza: “Daktari, sasa nipake yapi?”

Mara nyingi jibu langu la kwanza haliwafurahishi. Huwaambia waupumzishe uso kwa wiki mbili. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu, wapake jeli nyeupe ya petroli kidogo sana, kisha ndipo tuzungumze juu ya mafuta mapya. Ngozi iliyokwisha kujeruhiwa huchomwa hata na kitu kizuri, kwa hiyo ukijaribu mafuta yoyote juu yake hutapata jibu la kweli. Ushauri huu unawafaa wengi, isipokuwa kundi moja ambalo nitalieleza hapo chini.

Tuanze na ngozi yenyewe. Tabaka la juu kabisa la ngozi ya uso ni jembamba kuliko karatasi ya gazeti hili. Limejengwa kama ukuta wa mawe: chembechembe zilizokufa ndizo mawe, na mafuta yanayotengenezwa na mwili wenyewe ndiyo simiti inayoyashikanisha. Ukuta huu huzuia maji ya mwilini yasipotelee hewani, na huzuia vitu vya nje visipenye. Kwa watu wenye ngozi nyeti simiti hiyo ni haba. Wengine wamezaliwa hivyo, hasa wale ambao ukoo wao una ukurutu au pumu. Wengine wameikwangua wenyewe. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kiasi cha 5 kwenye kipimo cha pH, ilhali sabuni nyingi za kipande hufika 9 au 10. Ukiosha uso kwa sabuni hiyo mara tatu kwa siku, kisha ukausugua kwa kitambaa kigumu, hakuna mafuta yatakayokufaa.

Jambo jingine ambalo hatuelezwi vya kutosha linahusu rangi yetu. Vitabu vingi vya tiba viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na vinasema kwamba ngozi iliyoudhika huwa nyekundu. Kwetu sisi weusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Unachoona ni sehemu iliyozidi kuwa nyeusi, au ya zambarau, au ya kijivu kana kwamba imepakwa majivu, pamoja na joto na mwasho. Mwasho ukiisha hubakia mabaka meusi ambayo yanaweza kukaa miezi mingi. Hapo ndipo balaa huanzia. Mtu hununua krimu ya kuondoa mabaka, krimu inachoma ngozi, na mabaka yanaongezeka. Ukweli ni kwamba mabaka ya namna hii hufifia yenyewe polepole iwapo kitu kilichoyaleta kimeachwa na uso ukakingwa na jua kali, hata kama ni kwa kofia pana tu.

Sasa tuingie dukani. Yaliyoandikwa mbele ya chupa ni matangazo. Geuza chupa usome herufi ndogo za nyuma, ambako vitu vilivyotumiwa hupangwa kuanzia kile kilichotiwa kwa wingi. Neno “hypoallergenic”, ambalo watu hulilipia pesa nyingi, lisikubabaishe. Nchini Marekani shirika la serikali la chakula na dawa lilitoa kanuni mwaka 1975 ya kuwalazimisha watengenezaji kulithibitisha neno hilo kwa majaribio. Kampuni zilikwenda kortini, na mwaka 1977 mahakama ya rufani ikaitupa kanuni hiyo. Tangu wakati huo kila kampuni huko hulitumia kwa maana inayoitaka yenyewe, na nyingi za bidhaa zao hufika katika maduka yetu.

Neno “asilia” nalo si kinga. Mafuta yanayokamuliwa kutoka kwa maua, ndimu, mikaratusi au mchaichai ni ya asili kweli, lakini yamo miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio wa ngozi. Hata upupu ni mmea wa asili.

Kitu cha kwanza cha kukwepa ni manukato, ambayo kwenye lebo huandikwa “parfum” au “fragrance”. Ukiona neno “unscented” usidanganyike. Maana yake ni kwamba mafuta hayanuki, na huenda yametiwa manukato mengine ya kufunika harufu ya asili. Tafuta “fragrance-free”, yaani yale ambayo hayakutiwa manukato kabisa. Cha pili ni dawa ya kuzuia kuoza iitwayo methylisothiazolinone. Jina ni refu, lakini jifunze kulitambua. Iliwadhuru watu wengi hata madaktari wa mzio wa ngozi wa Marekani wakaichagua kuwa kisababishi kikuu cha kuangaliwa mwaka 2013, na tangu mwaka 2017 Ulaya imeipiga marufuku katika krimu na losheni zinazoachwa mwilini. Tatu, ukiona “alcohol denat” karibu na mwanzo wa orodha, rudisha chupa rafuni, kwani hiyo ni pombe kali inayokausha. Lakini usiogope “cetyl alcohol” au “cetearyl alcohol”. Hizo ni aina ya nta laini na kwa watu wengi hazina neno.

Unayotaka kuyaona ni majina machache: gliserini, ambayo huvuta maji na kuyashikilia, seramidi, ambayo ni mojawapo ya mafuta yale yale ya simiti niliyoitaja, na jeli ya petroli au dimethikoni, ambazo hufunika. Krimu iliyotengenezwa kwa vitu kumi haina nafasi kubwa ya kukudhuru kama ile yenye arobaini. Bei haina uhusiano na jambo hili.

Jeli ya petroli yenyewe inadharauliwa bure. Robert Chesebrough alipata hataza yake huko Marekani mwaka 1872, na hadi leo ni vigumu kupata kitu cha bei nafuu kinachozuia maji ya ngozi yasitoke vizuri zaidi. Chagua nyeupe isiyo na harufu. Ile ya watoto yenye rangi na marashi haikufai, hata kama picha ya mtoto mnene kwenye kopo inakuaminisha. Wenye uso unaotoa mafuta mengi wataiona nzito. Hao watafute losheni nyepesi isiyo na manukato.

Mafuta ya nazi, ambayo ndugu zetu wa Pwani wamejipaka tangu zamani, ni mazuri mwilini, lakini usoni huziba vinyweleo vya baadhi ya watu na kuleta chunusi. Mafuta ya zeituni ya jikoni siyashauri. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba yanadhoofisha ukuta wa ngozi hata kwa watu wasio na ugonjwa wowote. Gliserini tupu ya chupa huuma ikipakwa kwenye ngozi iliyopasuka. Na ile krimu nyeupe ya kopo kubwa inayouzwa madukani kwa jina “aqueous cream” mara nyingi ina kitu cha sabuni kiitwacho sodium lauryl sulphate. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya mwaka huo huo wa 2013 kwamba inaweza kuwasha ngozi, hasa ya watoto wenye ukurutu. Iogee ukipenda, kisha uioshe, lakini usiiache usoni.

Halafu kuna mafuta ya kupima. Najua maisha ni magumu na shilingi ishirini ni shilingi ishirini. Lakini mafuta yaliyomiminwa kutoka kwa mtungi sokoni hayana lebo, hujui yamekaa juani kwa muda gani, wala ni mikono mingapi imeingia humo. Yasiguse uso wenye ngozi nyeti.

Sasa nije kwa lile kundi nililolitaja. Kuna tyubu ndogo ambazo mtu huzipata kwa urahisi mno, ndani yake mkiwa na dawa za jamii ya steroidi. Soma tyubu: betamethasone, clobetasol na mometasone ndiyo majina utakayokutana nayo zaidi. Ni dawa nzuri daktari anapoziandika kwa ugonjwa fulani na kwa siku alizozihesabu. Lakini zimegeuzwa kuwa mafuta ya uso. Muuzaji wa vipodozi hukamua tyubu mbili tatu ndani ya losheni, anakoroga, anakuuzia mchanganyiko usio na jina. Katika siku za kwanza uso hung'aa, vipele hupotea, marafiki wanauliza siri yako.

Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ametumia mchanganyiko wa namna hiyo kwa miaka mitatu akiamini kwamba ana ngozi nyeti tangu kuzaliwa. Kila alipouacha kwa siku tatu uso uliwaka na kutoa vipele kuzunguka mdomo. Akiurudia, uso ulipoa. Yeye aliona huo ni ushahidi kwamba mchanganyiko ndio dawa yake, kumbe ndio uliokuwa ugonjwa. Nilipomtazama kwa karibu, mishipa midogo ya damu ilikuwa imeanza kuonekana chini ya macho, na nywele laini zilikuwa zimemwota mashavuni. Ngozi yake ilikuwa imekuwa nyembamba. Ilichukua karibu mwaka mzima kumwachisha, na miezi miwili ya kwanza aliingia darasani uso ukiwa umevimba.

Ukijitambua hapa, usitupe mchanganyiko huo leo na kukaa kimya. Upeleke kwa daktari, hata kama hauna jina, umweleze umeutumia kwa muda gani. Steroidi kali iliyotumiwa kwa muda mrefu mara nyingi hupunguzwa hatua kwa hatua, na ni heri ujue mapema kwamba uso utazidi kuwa mbaya kabla ya kupona, usije ukakata tamaa ukairudia. Krimu za kujichubua zenye zebaki ni mbaya zaidi, kwa kuwa zebaki hupenya mwilini na kuharibu figo. Zimepigwa marufuku nchini kwa miaka mingi, lakini bado hupenya, na mara nyingi lebo haisemi kitu.

Ukishapata mafuta unayodhani yatakufaa, yapime. Kujipaka kidogo nyuma ya mkono ukiwa dukani hakusaidii, kwa sababu mzio wa ngozi huchukua siku moja hadi tatu kujitokeza, na wakati mwingine zaidi. Paka kiasi cha punje ya haragwe kwenye kiwiko upande wa ndani, asubuhi na jioni, mahali pale pale, kwa siku 7 hadi 10. Pakiwasha au pakibadilika rangi, acha. Pakiwa salama, paka sehemu ndogo chini ya taya kwa siku chache, kisha uso wote. Usianze vitu viwili kwa wakati mmoja, maana uso ukivimba hutajua wa kulaumiwa ni nani.

Paka ngozi ikiwa bado na unyevu, dakika chache baada ya kuosha. Mafuta hufungia maji yaliyopo; hayawezi kufungia yasiyokuwepo. Na ukumbuke hali ya hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya Januari na Februari ni kavu. Krimu inayokufaa hapa itakufanya utokwe na jasho la mafuta ukienda Mombasa kwa likizo ya Desemba. Si kwamba imekukataa. Huko tumia kidogo, au losheni nyepesi.

Kuna nyuso ambazo haziombi mafuta hata kidogo. Magamba ya manjano kwenye nyusi na kando ya pua, pamoja na mba kichwani, yanahitaji dawa ya kuvu. Vipele vya paji la uso pekee mara nyingi vinatokana na mafuta ya nywele yanayoteremka; badilisha hayo kwanza. Upele uliotanda mashavuni na juu ya pua kama mbawa za kipepeo, hasa ukiambatana na maumivu ya viungo au uchovu, unahitaji kupimwa damu. Na macho au midomo ikivimba ghafla baada ya kujipaka, au pumzi ikibana, usisubiri kesho. Nenda hospitalini wakati huo huo.

Wanaume nao huniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, kuhusu vipele vya kidevu baada ya kunyolewa. Wengi wao hawana shida ya mafuta. Kinyozi amewanyoa hadi ngozi ikabaki tupu, kisha akawapangusa kwa spiriti, na juu yake akapaka marashi. Mwambie spiriti aipake kwenye mashine kabla ya kukugusa, asiipake kwenye shavu lako. Akuachie nywele fupi kidogo badala ya kukuparuza, na umpelekee kopo lako dogo la jeli isiyo na harufu.