Nitoe nini na mfuko ni mtupu?

Swali: Ninachomelea mageti Kariobangi Light Industries. Kazi ni ya kubahatisha, na kanisani michango haiishi. Nisipotoa naona haya. Nikitoa, kodi ya nyumba inanishinda. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, Paulo aliwafundisha Wakorintho (2 Kor. 8:12) kuwa Mungu hupokea kwa kadiri ya alicho nacho mtu. Basi usikope ili utoe. Siku ukilipwa, tenga sadaka kwanza, hata shilingi 20, kabla hela hazijaanza kupukutika. Siku ya ukame, toa ujuzi: mlango wa mama mjane wa jumuiya yenu uking'oka bawaba, uchomelee bure. Majina ya watoaji yanayosomwa kwenye kipaza sauti yasikutishe. Mathayo 6 yahimiza kutoa kwa siri.