Krismasi Bila Nguo Mpya

Somo la Majilio. Tusome: Luka 2:1-24, Mathayo 13:45-46



Siku za Majilio zimefika tena, na kila nyumba ina hesabu zake. Kitenge ni bei gani, fundi atamaliza lini, mchele uwe kilo ngapi, tuchinje kuku au tununue nyama. Hatusemi kwamba hesabu hizo ni dhambi. Sikukuu ni furaha, na mtoto akivaa gauni jipya siku ya kuzaliwa kwa Bwana hana kosa. Lakini liko jambo jingine tunalolijua, ingawa hatulisemi sana. Wako ndugu zetu ambao siku hiyo hawaonekani kanisani. Hawaumwi, wala hawakusafiri. Wamekosa nguo mpya, na wanaona haya kukaa katikati yetu. Somo hili ni kwa ajili ya ndugu hao, na kwa ajili yetu sisi ambao macho yetu huwatia haya.

1. Sadaka ya ndege wawili

Siku za utakaso zilipotimia, Mariamu na Yusufu walimpeleka mtoto Hekaluni. Luka anataja sadaka yao: hua wawili, au makinda mawili ya njiwa. Kwa nini ataje jambo dogo hivi? Tukifungua Mambo ya Walawi sura ya 12 tutaelewa. Torati ilimtaka mama aliyejifungua alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege mmoja. Lakini aliyekuwa hana uwezo wa kupata mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta ndege wawili. Basi Luka ametuonyesha hali ya nyumba ile, na wala hakulitaja neno umaskini.

Mtu yeyote aliyewaona wakiingia aliweza kujua kwamba hawa ni maskini. Hata hivyo hawakubaki nyumbani mpaka wapate mali. Walikwenda na kile walichokuwa nacho, na mikononi mwao walimbeba Mwana-Kondoo wa Mungu mwenyewe. Mzee Simeoni naye hakuuliza habari za sadaka. Alimpokea mtoto mikononi mwake, akamhimidi Mungu.

2. Lulu moja

Wengine hufikiri kwamba kumthamini Kristo kuliko vitu vya dunia maana yake ni kununa na kukataa kila kizuri. Bwana wetu hakufundisha hivyo. Katika mfano wake, mfanyabiashara aliyeuza vyote hakuvichukia. Alikuwa mtu wa lulu, mwenye kujua thamani ya kitu, na alipoiona ile moja akajua kwamba hakuna nyingine inayolingana nayo. Mtume Paulo anashuhudia vivyo hivyo katika Wafilipi 3:7-8.

Basi tujipime. Pilau ikikosekana, je, Krismasi imekosekana? Wako wanaokopa mwezi wa Desemba ili majirani wasiwacheke, na Januari ikawakuta hawana hata fedha ya madaftari ya watoto. Deni la namna hiyo hatukulichukua kwa ajili ya Kristo. Tulilichukua kwa ajili ya macho ya watu.

3. Mahali palipokuwa soko

Kanisa letu la Afrika Mashariki lina ushuhuda mkubwa juu ya jambo hili. Pale Mkunazini, Unguja, palikuwa na soko la watumwa. Watu walisimamishwa mbele ya wanunuzi, wakakaguliwa miili yao, kisha wakatajiwa bei. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kulifunga soko hilo. Siku ya Krismasi mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo, mahali hapo hapo. Na siku ya Krismasi ya mwaka 1877 ibada ilifanyika humo, ujenzi ukiwa bado haujakamilika.

Tulitafakari jambo hili. Pale ambapo mwanadamu aliwekewa bei, watu walikusanyika kumwadhimisha Mungu aliyekubali kuwa mwanadamu. Jengo lenyewe lilikuwa halijaisha, lakini sikukuu ilikuwa kamili, kwa sababu Kristo alihubiriwa. Sasa, je, sisi tunapomtazama jirani kanisani na kumpima kwa kiatu chake, hatulirudishi soko lile ndani ya nyumba ya Mungu?

4. Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kwenda dukani, tukae na watu wa nyumbani mwetu tutenge fungu la mwenzetu asiye na kitu, na tumpelekee kwa siri.

Pili, tukimjua ndugu ambaye huwa haji siku hiyo, tumpitie tuongozane. Akikaa nasi benchi moja, haya itamtoka.

Tatu, tuanze na Meza ya Bwana kabla ya meza ya nyumbani. Na tukumbuke kwamba Krismasi ni siku kumi na mbili, hadi Epifania tarehe 6 Januari. Hakuna haja ya kumaliza kila kitu kwa siku moja.

Maswali ya kujadiliana

1. Sadaka ya Mariamu na Yusufu inamfundisha nini mtu anayeona haya kuja kanisani?
2. Ni desturi gani za sikukuu katika mtaa wetu zinazomtia mwenzetu uzito? Tutazipunguzaje?
3. Nyumbani mwako, watoto wakiulizwa Krismasi ni nini, watajibu nini?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyelazwa horini na kuletwa Hekaluni kwa sadaka ya maskini, utufundishe kukuthamini wewe kuliko vyote, na kumpokea kila mmoja unayemleta kwetu. Amina.