Umepangishwa "double", umepewa pazia

Mama mmoja wa Base Camp, Nakivale, ametuandikia kuhusu chumba alichompangia bintiye anayesoma Mbarara. Karatasi ya broka ilisema "spacious double room, self-contained", yaani vyumba viwili vyenye nafasi, choo ndani. Akaitia sahihi na kulipa kodi ya miezi mitatu kabla ya kukiona chumba. Binti alipofika Kakoba akakuta chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia. Ukishatandika godoro la futi nne kwa sita, mlango haufunguki mpaka mwisho. Choo kiko uani, cha wapangaji wote. Mwenye nyumba anamjibu mama: "Si ulitia sahihi?"

Mama, sahihi hiyo haijamaliza kesi. Uganda ina sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, ya tangu enzi za mkoloni, na humo asiyejua kusoma si yule tu ambaye hakwenda shule. Ni yeyote asiyeweza kusoma na kuelewa lugha ya hati aliyowekewa mbele. Unasoma Kiswahili na Kifaransa, Kiingereza kinakupiga chenga? Umo. Anayekuandikia hati lazima aandike jina lake kamili na anwani, na athibitishe kwamba ulisomewa na kuelezwa. Mabroka hawathubutu kuyaandika hayo. Wanakimbilia muhuri wa mwenyekiti wa kijiji (LC1), na wapo wenyeviti wanaougonga kwa ada bila kuuliza neno.

Kabla ya kutoa hela, nenda na tepu. Hakuna hakimu anayeweza kuipima "spacious". Lakini mkataba ukisema futi kumi na mbili kwa kumi na mbili, choo ndani, nawe ukapewa kumi kwa kumi, umedanganywa, na Sheria ya Mikataba ya 2010 inakuruhusu kujitoa. Jiandae tu kuulizwa kwa nini hukukikagua chumba.

Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 nayo inadai maandishi pale tu mkataba unapofikia thamani ya shilingi 500,000. Anayepanga chumba kimoja cha muzigo cha elfu themanini mwezi hadi mwezi ameachiwa mdomo wa broka. Waliopitisha kiwango hicho walimfikiria mpangaji yupi?

Wewe, mama, una karatasi. Ipeleke pamoja na risiti kwa shirika la Refugee Law Project, wana ofisi Mbarara, na uulizie utaratibu wa madai madogo mahakamani. Unapokea madai hadi shilingi milioni 10, na unaweza kujisimamia bila wakili.