Vikwazo vya Uchumi Vikiondolewa: Maswali ya Watu wa Mwandiga na Majibu Yake

Toka Mwandiga, mkoani Kigoma, hadi Manyovu ni kilomita 60 za lami, na ng'ambo ya mpaka ni Burundi. Watu wa njia hii hawana haja ya kufundishwa kwamba mpaka ukifungwa, mfuko wa mama lishe na wa dereva wa lori ndio unaoanza kutoboka. Kwa hiyo redio inapotaja vikwazo vya Iran na mkataba wa nyuklia, wanaouliza hapa wanauliza kwa sababu waliwahi kuyaona. Makala haya yanajibu maswali hayo kwa mifano miwili: wa Burundi, uliopita mlangoni petu, na wa Iran, unaogusa dunia nzima.

Vikwazo vya uchumi ni nini, na nani huviweka?

Ni uamuzi wa kuibana nchi kwa kuinyima biashara, kuzuia fedha zake zilizo nje au kuwafungia milango viongozi na kampuni zake, ili ibadili mwenendo. Vinaweza kuwekwa na nchi moja, na kundi la nchi majirani, au na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Aliyeviweka ndiye mwenye kuviondoa. Nchi inaweza kubanwa na Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya na Marekani kwa wakati mmoja. Mmoja akilegeza, kamba za wengine zinabaki shingoni.

Vikwazo vya Burundi viliigusaje Kigoma?

Tarehe 25 Julai 1996, Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi Bujumbura. Tarehe 31 Julai viongozi wa ukanda wetu walikutana Arusha, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo. Walitaka bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na mazungumzo na pande zote zinazopigana yaanze bila masharti.

Burundi haina bahari. Kahawa yake ilikuwa ikipakiwa melini Bujumbura, ikateremshwa bandari ya Kigoma, kisha magunia yakahamishiwa kwenye mabehewa ya Reli ya Kati hadi Dar es Salaam. Mafuta na shehena nyingine ziliingia Burundi kwa njia hiyo hiyo, kinyumenyume. Njia ilipozibwa, Bujumbura petroli iliadimika na bei zikapaa, huku magendo yakishamiri mipakani na ziwani. Upande wetu, kuli anayelipwa kwa gunia alikosa gunia la kubeba. Mwezi Aprili 1997 viongozi walilegeza, wakaruhusu chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo, kwa kuwa ilishaonekana kwamba wanaoumia zaidi ni wananchi wasiopindua serikali yoyote.

Vilipoondolewa, nini kilibadilika?

Tarehe 23 Januari 1999, Arusha tena, vikwazo vilisimamishwa. Shehena zilirudi kupita kihalali, na hilo lilikuwa nafuu kubwa. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe Burundi havikukoma. Mwalimu alifariki Oktoba mwaka huo kabla ya kazi ya usuluhishi kwisha, Nelson Mandela akaipokea, na Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Hata baada ya hapo mapigano yaliendelea kwa miaka, na wakimbizi wengi wa Burundi walibaki katika kambi za mkoa wetu. Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa mwishoni mwa 2012.

Kuondoa vikwazo hufungua njia. Hakurudishi mtaji uliokwisha kuliwa, wala mteja aliyekwisha kuzoea kununua kwingine. Na njia ikifunguliwa, wa kwanza kupita ni mwenye lori na ghala. Mwenye kapu hufika nyuma sana.

Mkataba wa nyuklia wa Iran ulisemaje?

Ulifikiwa Vienna tarehe 14 Julai 2015 kati ya Iran kwa upande mmoja, na Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi, China na Ujerumani, pamoja na Umoja wa Ulaya, kwa upande wa pili. Urani ikirutubishwa kidogo huzalisha umeme. Ikirutubishwa hadi kiwango cha juu sana, hutengeneza bomu. Iran ilikubali kutovuka kiwango cha asilimia 3.67, kubaki na akiba isiyozidi kilo 300, kupunguza mashine zake za kurutubishia, na kuwapokea wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Badala yake, ingeondolewa vikwazo vilivyohusu nyuklia. Wakaguzi walithibitisha kuwa imetimiza, na tarehe 16 Januari 2016 vikwazo hivyo vikaondolewa.

Iran ilinufaika?

Ndiyo, kwa upande wa mafuta. Ndani ya mwaka mmoja mauzo yake nje yalikaribia maradufu, yakapita mapipa milioni 2 kwa siku. Kampuni ya Airbus ilianza kuipelekea ndege mpya, na kampuni ya mafuta ya Total ya Ufaransa ikaingia mkataba wa gesi.

Lakini mabenki makubwa yaliendelea kuogopa. Marekani haikuondoa vikwazo vyake vyote. Malipo ya dola kupitia mabenki yake yalibaki marufuku kwa Iran. Mwaka 2014 benki ya Ufaransa, BNP Paribas, ilikuwa imetozwa faini ya karibu dola bilioni 9 na Marekani kwa kuhudumia nchi zilizowekewa vikwazo, Iran ikiwemo, na hakuna benki iliyotaka kupatwa na hayo. Hofu hiyo huua hata kile kilichoruhusiwa. Dawa haziko kwenye orodha ya makatazo, lakini benki ikikataa kupitisha malipo, dawa haifiki, na mgonjwa anayeikosa hana sauti katika ugomvi wa wakubwa. Hili ndilo jambo la kuumiza kuliko yote katika vikwazo, na anayeviweka ana wajibu wa kuliangalia kabla ya kutia saini.

Vikiondolewa, vinaweza kurudi?

Vinaweza. Tarehe 8 Mei 2018 Rais Donald Trump aliitoa Marekani katika mkataba, na kabla ya mwaka kwisha vikwazo vyake vikawa vimerudi. Total ikaondoka. Airbus ilikuwa imefikisha ndege tatu tu. Iran nayo ikaanza kuvuka viwango ilivyoahidi. Mwezi Agosti 2025 Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zilitumia kipengele cha mkataba kinachorejesha vikwazo vya Umoja wa Mataifa, na mwishoni mwa Septemba vikarejea.

Vikwazo vya Iran vikiondolewa, petroli itashuka bei Mwandiga?

Usiitegemee Iran peke yake. Januari 2016, Iran ilipoondolewa vikwazo, pipa la mafuta lilishuka chini ya dola 30. Lakini bei ilikuwa ikiporomoka tangu katikati ya 2014, ilipokuwa zaidi ya dola 110, kwa sababu mafuta yalikuwa yamezidi duniani. Iran iliongezea tu mteremko. Bei kikomo inayotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hubeba pia thamani ya shilingi kwa dola, kodi, na gharama ya kuyasafirisha mafuta toka bandarini hadi Kigoma. Pipa likishuka huku shilingi nayo ikishuka, nafuu inaweza kuishia njiani.

Mfanyabiashara wa kawaida anahusikaje?

Anahusika, hata akiwa mbali. Mwaka 2012 iligundulika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zimesajiliwa kwa bendera ya Tanzania kupitia Zanzibar, kwa mkono wa wakala aliyekuwa Dubai. Marekani ililalamika, na serikali yetu ikazifutia usajili. Nchi nzima iliingia mashakani kwa karatasi zilizojazwa ng'ambo.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza mzigo toka nchi iliyo au iliyokuwa chini ya vikwazo:

- Uliza ni vikwazo vya nani vilivyoondolewa, na vya nani vimebaki.
- Uliza kama vimefutwa kabisa au vimesimamishwa kwa masharti.
- Ongea na benki yako kabla hujatuma fedha. Benki ikikwama, fedha inaweza kuzuiliwa njiani kwa miezi.
- Mtu wa kati akikataa kusema mzigo umetoka wapi, achana naye.
- Usiweke mtaji wote kwenye njia iliyofunguliwa jana.

Basi, mkataba una faida gani kama unaweza kuvunjwa?

Una faida kwa muda wote unaoheshimiwa. Kwa miaka ile ya Iran wakaguzi waliingia na mafuta yakauzwa, bila risasi kulia kwa ajili ya nyuklia. Kwa Burundi, Arusha iliwaketisha meza moja watu waliokuwa wakiuana. Udhaifu ulikuwa katika ulinzi wa ahadi, na ahadi hulindwa na watu wanaoelewa kilichoahidiwa. Mwananchi wa Mwandiga anayejua nani aliweka kikwazo, kwa sababu gani na kwa sharti lipi, anaweza kumuuliza diwani wake, mbunge wake na benki yake swali lenye mashiko, na kudai jibu.